Injini Chini ya Turubai

Kiswahili cha mafundi kina neno moja kwa kazi hii: kushusha. Injini hushushwa, gia boksi hushushwa, na anayesikia bila kuona atadhani vyote viwili huja chini kama embe. Gia boksi ni kweli hushuka: hufunguliwa uvunguni mwa gari, ikalala juu ya jeki au juu ya kifua cha kijana aliyejitolea, ikaburutwa nje. Lakini injini ya Land Cruiser au Land Rover haishuki. Hupanda. Boneti huondolewa, rejeta huondolewa, mnyororo hufungwa, na chuma chenye uzito wa watu wazima wanne au zaidi huinuliwa kupita pua ya gari, kikaning'inia, gari likasukumwa nyuma kwa mikono, ndipo kikateremshwa ardhini. Mbona basi tunasema kushusha? Nadhani ni kwa sababu msemaji haangalii njia iliyopitiwa na injini. Anaangalia gari, na gari limetuliwa mzigo. Ni neno la wapagazi na makuli, neno la gunia linalotoka mgongoni. Waandishi wa matangazo hupenda kuiita injini moyo wa gari, na mafundi hawajawahi kuwakatalia, ila katika vitendo hawakubaliani nao. Moyo hauwekwi chini ya mkwaju, ukafunikwa wiki tatu, kisha ukarudishwa. Mzigo huwekwa. Na mzigo ukishatuliwa, swali la kwanza huwa ni utakaa wapi.

Idodi ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hilo. Ni tarafa ya Wilaya ya Iringa kwenye njia ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kilomita kati ya 80 na 100 kutoka Iringa mjini, huko chini ambako baridi ya nyanda za juu imeisha na mibuyu imeanza. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1964, na mwaka 2008 ikaongezewa eneo la Usangu hata ikapita kilomita za mraba 20,000. Magari ya watalii yaendayo huko hupita mbele ya nyumba za watu wa Idodi na kijiji cha Tungamalenga. Pamoja nayo zimo Canter na Fuso za mpunga, Noah na Hiace za abiria, na Land Rover kuukuu za mtu mmoja na ndugu zake. Kwa miaka mingi njia hiyo imekuwa ya vumbi, na vumbi halikai bure. Likipenya kichujio cha hewa kilichochoka, husaga slivu na ringi za pistoni mpaka injini ianze kula oili na kutoa moshi wa bluu. Mikunjo ya barabara, ile inayofanana na bati, hulegeza nati moja baada ya nyingine na kuchana raba zinazoikalisha injini kwenye chasisi. Mchanga wa mito ya msimu humlazimisha dereva kucheza na nusu klachi, na kila mchezo hulipiwa na pleti. Kwa hiyo kushusha injini huko si tukio la ajabu. Mwenye gari hulitarajia kama anavyotarajia kulipia bima. Ninachodai ni kwamba mahali pa kazi hii ni nyumbani, na kwamba umaskini sio sababu kuu. Anayeiona injini chini ya mti akasema “ndiyo hivyo, hawana gereji” huenda hajakosea kuhesabu gereji. Amekosea sababu.

Tuanze kabla spana haijagusa kitu, maana kuna kuamua cha kushusha. Land Rover za zamani zina tundu dogo chini ya nyumba ya klachi. Ukitaka kuvuka mto hutiwa kizibo ili maji yasiingie. Ukishavuka hutolewa, ili oili inayovuja humo ndani ipate pa kudondokea badala ya kulowanisha klachi. Tone linalotoka kwenye tundu hilo ni barua. Likiwa jeusi na jepesi, hiyo ni oili ya injini, namba 40 kama isemwavyo madukani, na sili ya nyuma ya krenki imechoka. Likiwa zito, lenye harufu kali kama ya kiberiti, hiyo ni namba 90, na sili iliyochoka ni ya mbele ya gia boksi. Sili zote mbili zimejificha pale injini na gia boksi zinapokutana, kwa hiyo lazima viwili hivi vitenganishwe. Bado haijaamuliwa ni kipi kitoke na kipi kibaki. Ukitoa gia boksi, unalala chini na chuma kizito kiko juu ya uso wako, lakini rejeta, mipira ya maji na mabomba ya dizeli hayaguswi. Ukitoa injini, unafanya kazi umesimama, lakini unahitaji pa kuining'iniza na unafungua vitu vingi zaidi, na kila ulichokifungua kina uwezekano wa kutorudi kama kilivyokuwa. Fundi mzuri hujulikana kwa vile alivyoviacha bila kuvigusa. Uamuzi huu hufanywa kwa kukaa kwenye kigoda jioni, tone likinuswa na kupakwa kidoleni, mwenye gari akiulizwa klachi ilianza lini kuteleza na gia ipi ilianza kugoma. Hauhitaji kifaa chochote. Unahitaji mtu asiyeharakishwa na foleni ya magari mengine.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kazi ya kushusha injini, kwa mafundi wawili wanaojua na kijana mmoja wa kushika taa, ni ya siku moja. Betri inatolewa, maji na oili vinamwagwa, waya za stata na oltaneta zinafunguliwa, bomba la moshi linaachanishwa, propela inatolewa, boliti za nyumba ya klachi zinafunguliwa, mauntingi zinaachiwa, mnyororo unakaza. Kupandisha ni siku moja nyingine, ikiwa mbaya mbili. Kinachobaki katikati si kazi ya mikono. Ni kusubiri. Sili inatafutwa Iringa na haipo. Inaagizwa Dar es Salaam, kilomita 500 hivi kutoka Iringa, kwenye maduka ya Kariakoo na Gerezani, nayo inakuja kama kifurushi kwenye basi. Inafika, kumbe ni ya namba nyingine. Krenki imepelekwa mjini kuchongwa na fundi mitambo ana kazi za watu kumi mbele yake. Au fedha zimeisha, mpunga haujauzwa, na bei ya mpunga wiki hii haifai. Ukiandika daftari la gari lililoshushwa injini, siku tatu zitakuwa za spana na ishirini zitakuwa za kusubiri. Kwa hiyo swali la mahali pa kazi hii linapaswa kujibiwa na zile siku ishirini. Gereji ya mjini imejengwa kwa ajili ya zile tatu. Kila nafasi ya uwanja wake ina thamani, na gari lisilo na injini ni kizuizi: husukumwa pembeni, kisha nyuma, kisha nje ya ukuta, na kila linaposukumwa hupoteza kitu. Leo boliti mbili, kesho nozeli, keshokutwa oltaneta imekuwa ya zamani kuliko ile iliyokuja nayo. Si lazima kuwe na mwizi. Inatosha kuwe na gari jingine la aina hiyohiyo lenye mwenyewe aliyesimama hapo akiwa na haraka. Nyumbani gari halimzuii mtu kupata riziki. Linaweza kungoja, na injini yake inaweza kungoja kando yake, bila kodi na bila kuhamishwa.

Lakini kusubiri kuna adui wake, nao ni kusahau. Boliti zinazoshika gia boksi kwenye injini hazilingani urefu. Siku ya kuzifungua kila mtu anajua ipi ilitoka juu kushoto. Baada ya wiki tatu hajui yeyote, na boliti ndefu ikilazimishwa kwenye tundu fupi hupasua aluminiamu. Dawa yake ni ya kipande cha katoni: huchorwa umbo la nyumba ya klachi kwa mkaa au kalamu, hutobolewa matundu mahali penye boliti, na kila boliti huchomekwa mahali pake ikitoka tu. Katoni hiyo hutundikwa ndani, juu, mbali na watoto. Waya hufungwa vitambaa vya rangi. Matambara yanayoziba matundu ya injini huhesabiwa wakati wa kuyaweka na huhesabiwa tena wakati wa kuyatoa, kwa sababu tambara lililosahaulika kwenye njia ya hewa litamezwa siku ya kwanza ya kuwasha. Watu husifu nguvu za mikono katika ufundi huu. Mimi naona zaidi ni sanaa ya kumbukumbu, yaani kulitenganisha jambo leo kwa namna ambayo mtu mwingine, au wewe mwenyewe ukiwa umesahau, ataweza kuliunganisha mwezi ujao.

Kurudisha ndiko kunakoonyesha kama kumbukumbu ilikuwa nzuri. Pleti ya klachi hukaa katikati ya flaiwili na presha pleti, ikiwa imebanwa, na shafti ya gia boksi inapaswa kupita katikati yake na kuingia kwenye beringi ndogo iliyo kwenye mwisho wa krenki. Pleti ikikaa pembeni kwa milimita chache tu, shafti haitaingia hata watu sita wasukume. Kwa hiyo kabla ya kukaza presha pleti lazima klachi isentwe, yaani iwekwe katikati. Kiwandani kuna kifaa cha plastiki cha kufanyia hivyo. Penye gia boksi iliyokufa hutumika shafti yake ya zamani. Pasipo na vyote viwili huchongwa kijiti kigumu, ncha yake ikaingia kwenye beringi na kiuno chake kikaongezwa kwa utepe wa fundi umeme, zungusho baada ya zungusho, mpaka kijae sawasawa kwenye meno ya pleti. Anayekichonga hukijaribu, hukitoa, hukwangua kidogo, hukijaribu tena. Kisha, wakati wa kuunganisha, gia huingizwa, mmoja husukuma, mwingine huzungusha puli ya mbele ya krenki kwa spana pole pole, mpaka meno yatafutane yenyewe na gia boksi iteleze ndani ghafla, kwa mlio mmoja mdogo. Yapo makosa ya kutumia boliti kuvuta pengo la sentimita mbili lililobaki. Boliti zitavuta, chuma kitalia, na pleti mpya itapinda kabla haijafanya kazi hata siku moja. Anayefanya hivyo mara nyingi anajua kwamba hapaswi. Ila amechoka, jua linazama, na kuna mtu amesimama akiuliza gari litatoka saa ngapi.

Kuna wanaopinga, na hoja zao si nyepesi. Ya kwanza ni ya usalama: mtu chini ya gari lililoinuliwa na jeki moja kwenye udongo, mnyororo kwenye tawi ambalo hakuna aliyelipima. Nakubali hoja hii kwa kiasi kikubwa. Jeki ni ya kuinulia, haikutengenezwa iwe nguzo. Chini ya chasisi panatakiwa magogo yaliyokatwa bapa, na magurudumu yazibwe kwa mawe. Tawi la mti lisiaminiwe hata likiwa nene. Nguzo tatu za mkaratusi zilizofungwa kileleni, miguu yake ikiwa ndani ya vishimo ili isiteleze, hubeba winchi ya mnyororo kwa hesabu inayoeleweka. Hata hivyo wapingaji husahau kuhesabu upande wa pili. Gari lililonoki litafikaje Iringa? Litavutwa kwa mnyororo nyuma ya Canter, na gari la dizeli lililokufa injini halina pampu ya kulisaidia breki. Pedali inakuwa ngumu kama jiwe, katika vumbi ambalo dereva wa nyuma haoni hata taa za anayemvuta, kwa kilomita 80 au zaidi. Madereva wa malori ya barabara kuu ya Zambia wanajua hesabu hii. Ndiyo maana utawaona wameshusha gia boksi palepale kando ya lami, matawi ya miti yametandazwa barabarani kuwaonya wengine. Hawajachagua hatari. Wamelinganisha hatari mbili.

Hoja ya pili ni ya oili, nayo sina jibu lake la kunifurahisha. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, ile ya silinda 6 na sentimita za ujazo 4,164, hubeba oili lita 9 hivi. Ikimwagwa uani, mvua ya kwanza itaipeleka mferejini, na mifereji ya Idodi ndiyo inayonywesha mpunga. Watu wa bonde hili wamekwisha kujifunza kwa uchungu kwamba kinachofanywa juu huhesabiwa chini: tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu, ambao haukuwa ukikauka, umekuwa ukikatika mtiririko wake wakati wa kiangazi. Oili chafu hukingwa kwenye beseni na kuwekwa kwenye madumu, na sehemu yake kubwa hupakwa nguzo za uzio kuzuia mchwa. Hiyo ni akili nzuri, ila uzio nao una mwisho wake na oili ni nyingi kuliko nguzo. Hapa gereji kubwa yenye shimo la saruji na mteja wa oili chafu inaishinda nyumba, na sioni haya kusema hivyo.

Hoja ya tatu haisemwi na wataalamu, husemwa jikoni. Nyumbani ni kwa nani? Uani pana kuku, pana jiko, pana watoto, na miezi ya mavuno, kati ya Mei na Julai, pana mpunga unaoanikwa. Turubai lililofunikwa juu ya injini ndilo turubai lililotakiwa chini ya mpunga. Mwenye gari husema injini haiwezi kulala wazi. Mama mwenye nyumba husema mpunga hauwezi kulala chini. Wote wawili wana haki, na katika mashtaka haya gari ndilo lililokuja baadaye. Zile siku ishirini nilizosema hazina kodi zina mtu anayezilipia: anayepepeta vumbi mbali na injini, anayewafukuza watoto kwenye beseni la oili, anayejua mahali katoni ya boliti ilipotundikwa wakati fundi mwenyewe amesahau. Na kama ni nyumba inayotunza kumbukumbu, niseme sasa kwamba nyumba si ukuta. Fundi anayeijua kazi yake huomba ruhusa ya uwanja kwa mama kabla ya kukagua gari, na katika malipo ya mwisho haitakuwa ajabu turubai jipya likawemo.

Jina “gereji bubu” nalo hutajwa kama hoja, ingawa ni tusi tu: gereji isiyo na leseni, isiyo na bango, inayoweza kuficha gari la wizi. Kwa mjini lina maana. Kijijini, injini ikining'inia kwenye nguzo tatu, habari imefika mtaa wa pili kabla haijagusa ardhi. La kushika kwa uzito ni moja: kadi ya gari ina namba ya injini, na anayeweka injini ya mtumba kutoka Japani au Dubai bila kuibadilisha kadi anajitengenezea kesi. Jina halina uzito mwingine.

Inayobaki ni ya wakati. Tunaambiwa mti umekwisha kazi: magari mapya yana kompyuta, injini ya VVT-i inataka mashine ya kusoma makosa, na ile ya D4 imewatia hofu mafundi mpaka jina lake limekuwa onyo. Ni kweli kwamba mtu aliyezoea 1HZ, isiyo na waya zaidi ya chache, anaweza kuiua injini ya kisasa kwa kukata soketi moja. Lakini mashine ya kusoma makosa hutosha mfukoni na husafiri kwa bodaboda. Chuma kisichosafiri ni gari. Tena gari hizi ndogo, IST na ndugu zake zinazovutwa na magurudumu ya mbele, zimeleta jambo la kuchekesha. Injini na gia boksi zake zimekaa kiubavu zikiwa zimeshikana, na njia iliyo rahisi mara nyingi ni kuzitoa chini zote pamoja na fremu yake, kisha vijana wanainyanyua bodi kwa mbele na kuisogeza. Gari ndilo linalopanda. Injini, safari hii, imeshushwa kweli.

Gari likishawashwa, likapigwa stata mara tatu nne mpaka hewa iishe kwenye mabomba ya dizeli, likanguruma, likazimwa, wenyeji hunawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga. Fundi haondoki. Huichukua ile katoni, sasa matundu yake yakiwa matupu, akaisukuma chini ya nyumba ya klachi usawa wa lile tundu dogo, akalala. Asubuhi huivuta. Ikiwa kavu, anadai fedha zake. Ikiwa na doa, anachovya kidole na kunusa kujua kama ni namba 40 au namba 90.